Nyumba Iliyokataa Kinamasi

Barabara kuu ya Sibukaw imenyooka vizuri kutoka kanisani hadi kisimani. Hapo kisimani inapinda ghafla, inaizunguka kona ya nyumba moja, kisha inanyooka tena mpaka mtoni kana kwamba hakuna lililotokea. Wageni hucheka wakiiona. Wengine husema aliyeipima alikuwa amelewa. Masikini, hawajui wasemalo. Aliyeipima alikuwa padri mwenye akili zake timamu, tena alipoanza kuipima alikuwa bado hajaonja kitu.

Zama hizo za Wahispania, Sibukaw haikuwa mji. Zilikuwa nyumba tu za mianzi zilizotawanyika kando ya mto, kila mtu na minazi yake, nguruwe wake na ugomvi wake na jirani. Padri Anselmo alipoletwa alikuja na kengele, na kengele hiyo ndiyo iliyozua mambo yote. Aliitundika, akaigonga, akatamka kwamba kila Mkristo aishi pale anapoisikia. Asiyeisikia ahame. Basi kamba zikavutwa, vijiti vikachomekwa, mitaa ikapimwa juu ya majani, na kila nyumba ikapangiwa kiwanja.

Padri alijua kamba, hakujua watu. Kazi ya kugawa viwanja akamwachia Kapitan Eulogio, mkuu wa mji, mtu wa kofia kubwa na ndugu wengi. Ajabu ya Mungu, viwanja vyote vilivyouzunguka uwanja wa kanisa vikawaangukia shemeji zake. Kile cha kona ya kisima, ambacho kila mtu alikimezea mate, alijiwekea mwenyewe ajenge ghala la mpunga. Bibiana, mjane aliyekuwa akiuza tembo la mnazi, alipewa kiwanja cha mwisho kabisa, nyuma ya machinjio, penye kinamasi.

Bibiana alikwenda kumwona. Alivaa sketi yake ya kanisani, akajikaza.

"Kapitan, mimi mkate wangu ni tembo," alisema. "Tembo linashuka mnazini alfajiri, likifika mchana limeshachachuka. Nani atavuka tope asubuhi yote aje kunywa kwangu?"

"Mwenye kiu atakuja."

"Mwenye kiu atanywa njiani, kwa shemeji yako. Tutakula nini mimi na mama mkwe wangu?"

Kapitan Eulogio alicheka, akajipepea na kofia. "Shukuru umepata kiwanja, Bibiana. Wewe mwanamke usiye na mume."

Neno hilo lilimchoma. Alirudi nyumbani akitembea upesi ili watu wasimwone machozi, maana alijua hesabu yake vizuri. Akihamia kinamasini, biashara imekufa, na wao wawili hawana mbele wala nyuma.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Bibi Sidra, kaketi palepale anapoketi siku zote, dirishani, akitwanga tambuu. Meno yalikuwa yamemwisha zamani, kwa hiyo popoo, majani na chokaa alivitwanga kwanza ndani ya kinu chake kidogo cha mti, tu, tu, tu, juu ya sakafu ya mianzi, ndipo avitie mdomoni. Mlio huo Bibiana alikuwa anausikia hata usingizini.

"Tumekosa, Mama. Ni kinamasini."

"Ulikwenda kuomba na sura hiyo?" alisema Bibi Sidra. "Hata mimi ningekunyima."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mwanawe Martino, mume wa Bibiana, alikufa kwa homa, na watu wote walidhani bibi atahamia kwa binti yake aliyeolewa kule juu ya mto. Hakwenda. Alisema nyumba ile kaijenga mwanawe na yeye hatoki. Tangu hapo Bibiana alimlisha, alimwosha nywele, alimkoshea kinu chake kila jioni, na neno la shukrani hakulisikia hata kwa bahati mbaya. Wali siku zote ulikuwa bokoboko au ulikuwa mbichi. Samaki alikuwa na chumvi, au chumvi imesahauliwa. Bibiana alikwisha kuzoea, lakini kuna siku alimeza mate machungu.

Siku ya kuhama ikafika. Kwetu nyumba haibomolewi, inabebwa. Nguzo zinang'olewa, mianzi mirefu inafungwa chini ya sakafu, na wanaume wanaingia chini yake kwa mistari na kuipandisha mabegani, nzima, na paa lake. Majani ya paa yanawaning'inia usoni, kwa hiyo aliye chini ya nyumba haoni kitu isipokuwa visigino vya aliye mbele yake. Ndiyo maana lazima iwepo ngoma. Ngoma ikilia wanatembea, ngoma ikinyamaza wanatua. Mwenye nyumba hutangulia na chungu cha makaa ya jiko lake, na haruhusiwi kugeuka nyuma mpaka afike, asije akaiacha bahati ya nyumba njiani. Akifika, makaa yanatiwa jikoni na wabebaji wanalishwa hapohapo. Wakishakula, nyumba imekaa. Hakuna atakayeigusa mpaka mavuno mengine, hata umpe nini.

Wanaume wote wa mtoni walikuja, maana wote walikuwa wanywaji wa Bibiana. Mpiga ngoma alikuwa Tiyago, mwembamba, mchangamfu, asiyetazama anapokanyaga. Kiongozi wa wabebaji alikuwa Kulas, mwenye mabega mapana na tumbo la kufanana nayo.

"Bibi, shuka basi," Kulas aliita. "Tunataka kunyanyua."

"Sishuki," alijibu Bibi Sidra dirishani. "Niliingia nyumba hii kwa miguu yangu, nitatoka nikiwa maiti. Bebeni."

"Utatuvunja mabega, bibi!"

"Mimi ni mifupa mitupu. Uzito unao wewe hapo mbele. Ukitaka wepesi, shusha tumbo lako."

Wanaume wakaangua kicheko. Kulas akajipiga tumbo, akakubali yaishe. Bibiana alikuwa amekwisha kukusanya makaa. Bibi Sidra akamteremshia kikapu cha tambuu kutoka dirishani.

"Chukua na hiki. Humu ndani kitatikisika, chokaa yote imwagike. Na usinivurugie majani yangu."

"Sawa, Mama," alisema Bibiana. Akakitundika kikapu mkononi, akashika chungu, akageuza uso, akaanza kwenda. Nyuma yake ngoma ya Tiyago ikalia, wanaume wakaguna, mianzi ikalia kwiii, na nyumba ya Martino ikaondoka chini.

Alitembea akitazama mbele. Alipita minazini, akapita kanisani. Hapo kando ya kanisa kuna mtaro, na alipouvuka kwa ubao alisikia nyuma kishindo, mtu akapiga ukelele, watu wakacheka, ngoma ikakatika. Mara mdundo ukarudi, tu, tu, tu, mdogo kidogo kuliko mwanzo, lakini wa haraka na wa sawasawa. Alitamani kugeuka. Hakugeuka. Akaendelea, na mdundo ukazidi kufifia, naye akajiambia kwamba ni upepo.

Kinamasini tope lilimfika vifundoni. Wanawake waliotangulia na masufuria walikuwa wamesimama juu ya magogo wakijipiga mbu. Wali ulikuwa tayari, na nyama ya nguruwe, na samaki wa kukaanga. Bibiana akashusha pumzi, akageuka kuitazama nyumba yake.

Nyumba haikuwepo.

"Nyumba iko wapi?" aliuliza.

"Ala! Si umekuja nayo?" alijibu mmoja wa wanawake.

Bibiana akarudi mbio na chungu chake mkononi. Alipita machinjioni, mchinjaji akainua kichwa. "Umeiona nyumba yangu?" Bibiana alimwuliza. Yule bwana akatoa macho, akasema, "Dada, leo umelionja lako mwenyewe?" Bibiana akampita mbio. Mbele kidogo akakutana na Tiyago, tope tangu kichwani mpaka miguuni, ngoma kwapani inachuruzika maji.

"Dada Bibiana, nisamehe," alisema Tiyago. "Niliteleza pale mtaroni, mimi na ngoma yangu. Nilipopanda juu sikukuta mtu. Nikajua mmeshafika."

"Ngoma ilikuwa mtaroni? Basi mdundo niliousikia alikuwa akipiga nani?"

Tiyago akajikuna shingo.

Waliikuta nyumba kisimani. Ilikuwa imesimama katika kona ya Kapitan Eulogio, upandeupande, kona yake moja imeikanyaga kamba ya padri na kuingia barabarani. Wanaume walikuwa wamejinyoosha kivulini wakijipepea kwa majani ya ndizi.

"Umechelewa, dada," alisema Kulas. "Njaa inatuua."

"Nani kawaambia mtue hapa?"

"Tulinyoosha na barabara, ngoma ikanyamaza. Ikinyamaza si tunatua?"

"Ngoma hii hapa, Kulas! Imejaa maji tangu kanisani!"

Wanaume wakatazamana, wakaitazama ngoma, wakamtazama Tiyago. Ndipo kichwa cha Bibi Sidra kikatokeza dirishani.

"Kumbe mlikuwa mnanifuata mimi?" alisema. "Mimi natwanga tambuu langu. Mngesema."

"Sasa mbona ulinyamaza hapahapa, bibi?" aliuliza Kulas.

"Tambuu likishalainika, unaendelea kulitwanga la nini?"

Kicheko kilichopigwa hapo kilimtoa Kapitan Eulogio nyumbani kwake. Alikuja bila kofia. Alipoona nyumba ya muuza tembo mahali pa ghala lake, uso ulimwiva.

"Ebo! Nini hii? Nyanyueni! Sasa hivi, kabla sijamwita askari!"

Kulas alisimama, akajipangusa. Kapitan alikuwa Kapitan. "Tutanyanyua, bwana. Lakini hatujala. Tule kwanza."

"Mtakula hukohuko kinamasini. Nani kasema mle hapa?" Kapitan akamgeukia Bibiana. "Na wewe, peleka moto wako mahali pako. Ukitangulia, hawa watakufuata."

Macho yote yakamgeukia. Hapo Bibiana aliogopa, wala hakuna haja ya kumficha. Huyu alikuwa mtu wa kuweza kumtia miguu kwenye pingu za mbao mbele ya kanisa, mchana kutwa, watoto wakimtazama. Chungu kilikuwa kimeanza kupoa mikononi mwake. Aliyatazama makaa, yakiingia majivu. Akatazama kisima, wanawake na ndoo zao, njia ya kanisani, njia ya sokoni, njia ya mtoni, zote zikikutana pale mbele ya ngazi yake. Kisha akakumbuka magogo na mbu.

"We mwanamke!" Bibi Sidra alifoka. "Moto unakufa huo! Utasimama hapo mpaka uote mizizi?"

Bibiana akapiga moyo konde.

"Kapitan," alisema, "ukiona nimekosa, nifunge. Lakini moto wa jiko langu sitauacha uzime mkononi mwangu."

Akapanda ngazi. Akayamwaga makaa jikoni, akapiga magoti, akapuliza, akapuliza tena, machozi yakimtoka kwa moshi na kwa mengine. Kuni zikashika. Moshi ulipopenya juu ya paa, wanaume nje walipiga kelele kama waliojaza mtumbwi kwa samaki. Bibiana akatoa kichwa mlangoni.

"Tiyago! Kimbia kawaambie walete masufuria! Na uangalie mtaro!"

Kapitan Eulogio hakungoja kuona watu wakila. Alikwenda kumleta padri. Lakini padri alikuwa kwenye sala zake, na alipomaliza na kufika na kamba yake mkononi, masufuria yalikuwa yanakwanguliwa. Padri Anselmo aliitazama ile kona ya nyumba juu ya mstari wake mzuri, na ilimuuma, maana alikuwa ameupenda mstari ule.

"Nyumba hii itoke," alisema. "Leo."

Kulas akajikohoza.

"Baba Padri, ingekuwa ni hiari yetu tu, tungeitoa. Lakini bega langu hili limeteguka."

"Na langu," akadakia mwingine.

"Mimi ni mgongo, Baba. Sijui hata kama nitafika nyumbani."

"Mimi pia bega," alisema Tiyago, ambaye alikuwa hajabeba kitu ila ngoma.

"Na yatapona lini, mabega hayo?" aliuliza padri.

"Baada ya mavuno, Baba. Tukijaliwa."

Padri akayatazama mabega hayo. Kisha wazo likamjia, na watu waliliona likimjia. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa bado mtoni, inavuja, mbali na kengele yake, na kila alfajiri aliifuata kengele kwa miguu katika umande.

"Na nyumba yangu?" alisema. "Si mlisema mtaibeba Jumatatu?"

Kulas akainamisha kichwa kwa huzuni kubwa. "Hapo ndipo penye taabu, Baba. Bega ni hilihili."

Bibiana akaona wakati wake umefika. Akashuka na kata ya tembo la asubuhi ileile, tamu, lenye povu, akampa padri kwa mikono miwili. "Baba, umetembea juani. Poza koo." Padri akaitazama kata, akamtazama Kapitan, akawatazama wale wagonjwa wote waliojilaza wakilamba vidole. Akanywa. Akafuta ndevu. Akanywa tena. Halafu akainama, akang'oa kijiti chake, akakichomeka ng'ambo ya kona ya nyumba, na kamba akaizungusha.

"Barabara itapinda," alisema kwa ukali. "Hapa tu!"

"Hapa tu, Baba," alisema Kulas. Jumatatu bega lake lilikuwa zima kabisa.

Kapitan Eulogio alinuna. Ghala lake alilijenga kwenye kiwanja cha shemeji mmojawapo, na ugomvi uliotokana na hilo ni habari nyingine. Kwa muda alikuwa akimtuma mtu aje amnunulie tembo, kisha akachoka kulinywa likiwa limetikisika njiani, akaanza kuja mwenyewe. Bibiana alimpa kiti kama wengine.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya kwanza, jua lilipopoa na watu walipotawanyika, Bibiana alifagia, akatandika mikeka, akatundika kila kitu kwenye misumari yake ya zamani. Chini, ndoo ziligongana kisimani na watu waliitana majina. Alikuwa na furaha kiasi cha kutaka kumkumbatia mtu, na mtu aliyekuwepo ni Bibi Sidra tu, kaketi dirishani, akiwasema wapita njia mmoja mmoja.

Akachukua kile kinu kidogo cha tambuu akikoshe, kama alivyofanya kila jioni. Tambuu huacha wekundu wake ndani ya mti, na lisipokoshwa upesi linaganda.

Kinu kilikuwa kikavu. Kilikuwa safi, vilevile alivyokikosha jana.

Bibiana akabaki amekishika mkononi. Akageuka, akakitafuta kikapu cha tambuu. Kilikuwa kwenye kona alipokitua mwenyewe, alipokuja nacho kutoka kinamasini. Popoo zilikuwa nzima. Majani yalikuwa bado yamefungwa kwa uzi wake. Kikopo cha chokaa hakikuwa kimefunguliwa.

Alimtazama yule bibi kizee kwa nyuma, mgongo mdogo, kisogo chenye mvi alizoziosha yeye mwenyewe, na alitaka kulia na kucheka kwa pamoja, asijue kipi kitangulie.

"Mama," aliita.

"Nini tena?"

"Tambuu lako la leo. Lilikuwa tamu?"

Bibi Sidra hakugeuka. Alikuwa akiwatazama watu wa kisimani.

"Lilikuwa kavu kidogo," alisema. "Lakini wali wako uliiva vizuri."

Bibiana akaenda akaketi karibu naye, bega kwa bega, dirishani. Akapasua popoo, akafungua uzi wa majani, akatia chokaa kidogo. Akaanza kumtwangia.